Nyasi, Moshi na Mikono Mingi: Paa la Zamani la Meru na Embu

Mwaka 1925 kilichapishwa London kitabu cha G. St. J. Orde Browne, afisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi miongoni mwa Wachuka, Waembu, Wamwimbi, Watharaka na Wambeere. Alikiita The Vanishing Tribes of Kenya, kwa kuwa aliamini anaandika habari za watu walio njiani kutoweka. Watu hao wapo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 608,599 katika kaunti ya Embu, 393,177 Tharaka-Nithi na 1,545,714 Meru. Kilichotoweka ni kitu ambacho afisa yule alikutana nacho katika kila boma alilolitembelea, na ambacho kila mtu wa siku zile alilala chini yake: paa la nyasi.

Anayesafiri leo kutoka Runyenjes kupitia Chuka na Nkubu hadi mjini Meru, kisha akapanda Maua, hupita katikati ya mabati. Mapya yanang'aa, ya zamani yameshika kutu, na ya wenye uwezo yamepakwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Mpaka ateremke kwenye joto la Tharaka au Mbeere ndipo ataziona nyumba za nyasi, na huko nako zimebaki chache. Mabadiliko haya yamefanyika ndani ya umri wa mtu mmoja. Katikati ya miaka ya 1950 familia nyingi za miteremko hii ya Mlima Kenya bado zililala chini ya nyasi.

Jibu la haraka ni kwamba bati ni bora, na watu wana akili za kuchagua kilicho bora. Jibu hilo lina ukweli, lakini linaruka jambo kubwa. Paa la nyasi lilihitaji vitu viwili ambavyo havikuuzwa dukani: ardhi ya wote yenye nyasi ndefu, na mikono ya majirani. Vyote viwili viliondolewa kwa amri, kwa moto na kwa hati za mashamba kabla bati halijawa rahisi kununuliwa. Historia ya paa hili ni historia ya jinsi nyasi na mikono vilivyopata bei.

Tuanze na nyasi zenyewe. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na watu wa Meru na Embu wamekaa upande wake wa mashariki na kusini-mashariki, kutoka ukingo wa msitu hadi kwenye tambarare kavu zinazoelekea Mto Tana. Juu kuna baridi, ukungu na udongo mwekundu unaofaa migomba na viazi vikuu. Chini kuna joto, migunga, mtama na uwele. Nyasi za kuezekea zilipatikana kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kwenye migongo ya vilima isiyolimwa, na kwa wingi zaidi kule chini. Zilizopendwa ni zile ndefu zenye bua gumu, za jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Hyparrhenia. Mvua ikiwa nzuri, hurefuka kumpita mtu mzima. Palipolimwa kisha pakaachwa, Imperata cylindrica iliota haraka, nayo iliezekea vizuri.

Huwezi kukata nyasi za kuezekea siku yoyote unayotaka. Mbichi huoza na kuvutia wadudu. Zilisubiriwa zitoe mbegu, zikauke zikiwa zimesimama, zigeuke rangi ya dhahabu, ndipo mundu ukaingia. Kwa hiyo kazi iliangukia miezi mikavu: Januari na Februari kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, au Julai hadi Septemba kabla ya zile zinazoitwa mvua fupi. Jina hilo la mvua fupi halielezi hali ya upande huu wa mlima. Mvua za Oktoba hadi Desemba, zinazosukumwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, mara nyingi ndizo nzito zaidi Meru. Aliyechelewa kuezeka hadi katikati ya Oktoba alijikuta na watoto, mbegu na kuni chini ya maji.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya msonge, yaani ya duara na paa lililochongoka. Boma moja lilikuwa na kadhaa: nyumba ya kila mke, thingira, yaani nyumba ya mwenye boma, kwa Waembu, ghala za nafaka zilizoinuliwa juu ya miguu ili panya na unyevu visifike. Kwa Wameru palikuwa pia na gaaru, nyumba kubwa ya vijana wapiganaji, ambamo walilala, wakafundishwa na kungojea tarumbeta ya vita. Nguzo zilichaguliwa kwa makini, maana mchwa wa nchi hii hawana huruma. Mlimani ulikuwepo muuru, mti ambao wataalamu huuita Vitex keniensis na wafanyabiashara wa mbao wakaupa jina la Meru yenyewe. Juu ya nguzo zilipigwa pau, zote zikielekea kileleni, kisha fito zikazungushwa pete kwa pete kuanzia chini hadi juu na kufungwa kwa magome ya miti na mitambaazi ya msituni. Msumari haukuwepo.

Hapo ndipo kuezeka kulipoanza, na kulianzia chini. Safu ya kwanza ya miganda ilifungwa kwenye upenu, ikashuka karibu kufunika ukuta, ili mvua ya upepo isiukoge udongo. Safu ya pili iliipanda ya kwanza zaidi ya nusu, ya tatu ikaipanda ya pili, kama manyoya ya ndege yanavyolaliana. Kileleni nyasi zote zilikusanywa na kukazwa kwa kamba ili maji yasipate pa kuingilia, maana paa la msonge likivuja, huanzia hapo.

Siri ya paa la aina hii ni mteremko. Unyasi mmoja hauwezi kuzuia maji, na paa la nyasi haliwi kizuizi kama lilivyo bati. Linayahamisha maji. Tone hutua kwenye bua, hulifuata hadi ncha, huangukia bua la chini yake, na kabla halijazama zaidi ya vidole viwili au vitatu limekwisha kufika upenuni. Lakini hilo hutokea tu paa likiwa limesimama wima vya kutosha, digrii 45 au zaidi. Likilala, maji husita, huzama, nyasi huoza. Ndiyo maana nyumba zile ndogo zilikuwa na mapaa marefu kuliko kuta zake, na mgeni aliyeziona kutoka ng'ambo ya bonde aliona mapaa tu.

Kisha moshi. Jiko la mafiga matatu liliwaka katikati ya nyumba ya mke asubuhi na jioni, na nyumba haikuwa na bomba wala dirisha la kutajwa. Moshi ulipanda, ukajaa chini ya paa, ukatoka polepole kwa kujipenyeza ndani ya nyasi. Wageni waliandika juu ya macho yao yaliyowasha, na kweli mapafu ya wanawake na watoto yaliulipia moshi huo gharama ambayo haifai kufichwa. Lakini ndio uliolihifadhi paa. Ulizikausha nyasi kutoka ndani, ukazipaka masizi, ukawafukuza mchwa, bungo na kuvu. Nyumba iliyohamwa, isiyowashwa moto, ilianza kuoza ndani ya misimu michache.

Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza ujenzi wa nyumba kwa Wakikuyu, majirani wa Waembu, ambao lugha na desturi zao zinakaribiana sana na za Waembu hao. Nyumba ilikusudiwa kukamilika kwa siku moja, kwa sababu iliyoachwa usiku bila kumalizika ingeweza kuingiliwa na pepo wabaya. Wanaume walikata miti na kusimamisha mwili wa nyumba. Wanawake walileta nyasi. Walipochelewa, wanaume waliwaimbia kwa kuwatania kuwa wavivu, nao wanawake wakajibu kwa nyimbo zao kwamba ufundi wa kuezeka ndio uliowashinda wanaume, na bila huo miti yao isingemkinga mtu na jua wala mvua. Utani ule ulitaja ukweli wa kazi. Nyasi za nyumba moja ni mizigo mingi, iliyobebwa mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, ikapandishwa vilima. Hakuna familia iliyoweza kuimaliza peke yake kwa siku moja. Mwenye nyumba alitengeneza pombe na chakula, majirani wakaja, na deni lake halikuandikwa popote kwa kuwa kila mmoja alijua zamu ya nani inafuata.

Si kila mahali kazi hii iliachiwa majirani wote. Buganda, paa kubwa la makaburi ya wafalme huko Kasubi lilikuwa jukumu la ukoo wa Ngeye, waliorithishana ufundi huo ndani ya ukoo. Japani, katika vijiji vya Shirakawa, mapaa marefu ya nyasi hubadilishwa kwa ushirika wa kijiji kizima unaoitwa yui, na UNESCO iliviorodhesha vijiji hivyo kuwa urithi wa dunia mwaka 1995. Wameru na Waembu walikuwa karibu zaidi na Wajapani kuliko na Waganda: hapakuwa na ukoo wa waezekaji, maana hapakuwa na mfalme wa kuezekewa.

Dola ya Uingereza iliingia Embu kwa vita mwaka 1906. Miaka miwili baadaye E. B. Horne alifika Meru kuanzisha utawala. Pamoja nao ilikuja kodi ya nyumba, iliyokuwa imeanza kutozwa katika himaya mwanzoni mwa karne. Kilichohesabiwa hakikuwa mtu, kilikuwa paa. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kwa hiyo alilipa mara tatu, na mwaka 1910 sheria ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba zao. Watu walifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: waliwabana wake, wajane na watoto katika nyumba chache. Paa lililokuwa alama ya mwanamke kuwa na makao yake likageuka mzigo kwa mumewe. Na fedha za kulilipia zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, mbali, kwa miezi mingi. Mikono ya kuezeka ilianza kupungua vijijini.

Wamisionari nao walileta pembe nne. Wamethodisti walikaa Kaaga karibu na Meru mwaka 1912, na daktari Clive Irvine wa kanisa la Scotland akaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Shule na makanisa ya mwanzo yalitumia udongo na nyasi zilezile, lakini umbo lilikuwa la mstatili, lenye madirisha, vyumba na mlango wa kuingilia mtu akiwa wima. Aliyesoma misheni alijenga hivyo aliporudi kwao. Huo ulikuwa mwanzo wa mwisho wa msonge, kwa sababu bati, ambalo Henry Robinson Palmer wa London alilibuni mwaka 1829, hukaa vizuri kwenye nyumba ya pembe nne na halikubali kuzungushwa kwenye duara. Kati ya nyasi na bati palikuwa na hatua ambayo wengi wameisahau: madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa juu ya nyumba.

Pigo kubwa likaja na Hali ya Hatari. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960, na Meru na Embu zilikuwa ndani ya eneo la vita pamoja na nchi ya Wakikuyu. Kuanzia Juni 1954 serikali iliamua kuwakusanya watu katika vijiji vyenye ulinzi ili wapiganaji wa Mau Mau, walioupinga utawala wa kikoloni, wasipate chakula wala habari. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi zaidi ya watu milioni moja wa jamii za Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa. Nyumba zilizoachwa zilichomwa. Paa la nyasi lililokaushwa na moshi wa miaka mingi huwaka kwa dakika chache, na waliolishuhudia jambo hilo wakiwa watoto wamelisimulia hadi uzeeni.

Msitu wa mlima ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1953, na aliyeonekana ndani yake angeweza kupigwa risasi. Miti, mitambaazi na magome ya kufungia vikawa upande wa pili wa amri hiyo. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Wanawake ndio walioamriwa kuvijenga vijiji vipya, kwa saa chache walizoruhusiwa kutoka, baada ya kazi ya kulazimishwa ya kuchimba mahandaki kando ya msitu. Walisimamisha nguzo, wakakandika udongo, wakakata nyasi na kuezeka. Kazi zote za nyumba, za kike na za kiume kwa desturi ya zamani, zikawa zao. Mistari ya nyumba ilibanana kiasi kwamba moto wa moja ulikuwa hatari kwa zote. Kuezeka, kazi iliyokuwa na pombe, nyimbo na utani, kulifanyika chini ya macho ya askari. Ni vigumu kuona jinsi desturi ingeweza kutoka katika miaka ile ikiwa nzima, na haikutoka.

Watu waliporuhusiwa kurudi kwenye ardhi yao, hawakuikuta kama walivyoiacha. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka kila familia iwe na shamba moja lililopimwa, lenye mpaka na hati, litakalopandwa zao la fedha. Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, tangu miaka ya 1930, lakini kwa kiasi kidogo. Sasa kahawa ilishuka mabondeni na chai ikapanda kuelekea msituni. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ilipoundwa mwaka 1964 ilikuta wakulima wadogo wakiwa tayari wameanza. Ng'ombe wa gredi wakaletwa, na kwa ajili yao ikapandwa nyasi ya nepia, ambayo ni chakula kizuri lakini haifai kuezekea.

Shamba lililokuwa likipumzika miaka kadhaa, likiota nyasi za kila mwenye mundu, halikuwepo tena. Mgongo wa kilima uliokuwa wa ukoo ukawa na jina la mtu. Aliyetaka nyasi sasa aliomba ruhusa, au alinunua, au alishuka hadi tambarare kuzifuata. Huko Mbeere upimaji wa ardhi ulichelewa, na nyasi nazo zikachelewa kuisha, jambo linaloeleza ramani ya mapaa kuliko tofauti yoyote ya mila. Nyumba za nyasi zilidumu pale ambapo ardhi ya wote ilidumu.

Fedha za kahawa ndizo zilizonunua bati, na wanawake ndio waliolifikisha kwenye nyumba nyingi. Katika miaka ya 1960 na 1970 vilienea katika Mkoa wa Kati vikundi vya wanawake vilivyojulikana kwa jina la mabati, ikiwemo Kirinyaga, eneo lililotengwa kutoka wilaya ya Embu mwaka 1963. Wanachama walichanga kwa zamu, wakalima mashamba ya watu kwa ujira wa pamoja, na kila mchango ulipotimia nyumba ya mmoja wao ikaezekwa upya. Ukiitazama vizuri, ni ile kazi ya miganda ya nyasi iliyorudi kwa umbo jingine: zamu ileile, deni lilelile, ila mzigo sasa ulitoka dukani.

Wanawake hao walijua walichokuwa wakikitafuta. Paa la nyasi hudai kukarabatiwa kila baada ya misimu michache, na kila ukarabati ni siku za kukata, kubeba na kupanda juu. Bati huvuna maji: mfereji mmoja na tangi moja huondoa safari kadhaa za mtoni. Nyoka na panya hawakai ndani yake, na cheche ya jiko haiteketezi nyumba. Anayezililia nyasi bila kuyataja haya hamtendei haki mama aliyezibeba. Lakini bati nalo lina bei yake. Geji 32 jembamba, linalonunuliwa na wasio na fedha nyingi, mchana huichemsha nyumba ya Tharaka na usiku huipoza haraka, na mvua kubwa ikinyesha, mwalimu hasikiki darasani. Nyasi zilikuwa kimya, na zilizuia joto.

Leo paa la nyasi limekuwa kipimo cha umaskini kinachosomwa kutoka angani. Shirika la GiveDirectly, lililoanza kugawa fedha Siaya mwanzoni mwa miaka ya 2010, lilitumia paa la nyasi kama alama ya familia inayostahili kusaidiwa, na baadaye likajaribu kuyatambua mapaa hayo kwa picha za setilaiti. Utafiti uliofanywa Rarieda, hukohuko Siaya, ulionyesha kwamba moja ya vitu ambavyo waliopewa fedha walikimbilia kununua ni bati. Wakati huohuo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru, nyumba za wageni za Elsa's Kopje zimeezekwa kwa nyasi, na mtalii hulipa ghali kulala humo. Baa na mikahawa ya bara huagiza makuti ya minazi kutoka Pwani, zaidi ya kilomita mia nne, ili wateja wapate kivuli kizuri.

Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974 katika ofisi ya mawe ya enzi ya ukoloni, lina mfano wa boma la Kimeru uani. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ina boma la Waembu. Watoto wa shule huletwa kuyaona. Mapaa hayo yanafunza kitu kimoja zaidi ya umbo: lazima yaezekwe upya kila mara, na kila mara lazima apatikane mtu anayejua. Kasubi ilionyesha ugumu huo waziwazi. Jengo kuu lilipoteketea tarehe 16 Machi 2010, ujenzi ulichukua zaidi ya muongo, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwafundisha vijana ufundi ambao wazee wachache tu walibaki nao. UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Kwa Mbeere, David Brokensha na Bernard Riley walichapisha mwaka 1988 juzuu nzima ya mimea na matumizi yake, kwa majina yanayotumiwa na Wambeere wenyewe. Kazi ya namna hiyo inastahili kufanywa Chuka, Imenti na Igembe, kwa kuwasikiliza wanawake waliozikata nyasi wenyewe: ipi ilidumu, ilikatwa wapi, ilifungwa kwa gome la mti gani. Msichana aliyekuwa na miaka 12 vijiji vya Hali ya Hatari vilipoanza alizaliwa mwaka 1942.